Uji wa Getini

Yule mbuzi nilimchinja mimi mwenyewe, tena kwa fahari, na ni afadhali nikiri hilo mapema kabla sijaanza kusifu watu wengine. Nilimchinjia getini kwa sababu mti ulio pale una tawi zuri la kutundikia nyama. Asubuhi hiyo mama yangu alikuwa ameniambia, akiwa ameketi jikoni anachambua maharagwe, "Usimwage damu mpaka mtoto aingie ndani." Nikamwitikia ndiyo, kama ninavyomwitikia siku zote, kisha nikaendelea na mipango yangu. Wageni walikuwa wamealikwa saa sita. Nyama ya mbuzi haiwezi kungoja mtu ashuke kwenye bodaboda ndipo ianze kuiva.

Huyo mtoto aliyekuwa akitajwa ni binti yangu, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, askari wa jeshi. Alikuwa ametoka kukaa mwaka mzima ng'ambo ya mpaka, kule vitani, akiendesha lori la maji. Tangu aondoke sikuwa nimelala vizuri, ingawa kama ungeniuliza ningekuambia ninalala kama gogo. Mimi ni mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo pale Makutano mjini Meru, na wateja wangu wanajua kwamba hasira zangu ziko karibu, na maneno yangu ni mengi. Sikuwa tayari watu waseme binti wa mzee wa duka amerudi kutoka vitani akapikiwa chai tu.

Kwa hiyo nilikodi hema. Nilialika mchungaji, kwaya ya akina mama, majirani wote wa Kianjai ambako ndiko kwetu, na binamu zangu kutoka Embu ambao hawajawahi kukosa mahali penye pilau. Niliandika hotuba ya kurasa tatu. Nilikuwa nimeirudia mbele ya kioo, na kuna mahali sauti yangu ilitakiwa kutetemeka kidogo.

Yule binti alilelewa na mama yangu. Mke wangu alifariki msichana akiwa darasa la nne, nami nikabaki nikijificha dukani kwenye magunia, sijui hata nywele za mtoto zinasukwaje. Mama ndiye aliyemsuka, akamfundisha kukama, akamkimbiza shuleni. Baadaye msichana alipojifungua mtoto wake mwenyewe, kisha akapata amri ya kwenda mpakani, Mama alimpokea yule mtoto mdogo mgongoni bila kuuliza maswali. Wakati huo umri wake ulikuwa unakaribia miaka tisini. Kitukuu wake alikuwa na miaka minne, mzito kama debe la mahindi.

Niliwahi kumkataza binti yangu kwenda jeshini. Nilitaka awe mwalimu, akae karibu, aje Jumapili na mkate. Siku ya kuandikisha makurutu uwanjani, Mama aliamka mapema akamchemshia nduma, akamfungia kwenye kitambaa. Nilipofoka alisema tu, "Mwache akimbie, miguu ni yake." Alikimbia, akachunguzwa meno na macho na nyayo, akachukuliwa. Sikuongea na Mama kwa wiki nzima. Nadhani alifurahia utulivu.

Mwaka ule wa mpakani, kazi ya nyumbani ilikuwa na utaratibu wake ambao mimi niliuona nikaudharau. Kila asubuhi Mama alisikiliza habari za redio akiwa amesimama, hata kama mguu unamuuma. Kisha alichukua simu yake ndogo akaiweka ndani ya kikombe cha bati, juu ya dirisha la jikoni, kwa kuwa hapo tu ndipo netiweki hufika. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa kile kikombe. Kama simu ilipigwa, alimpa mtoto aongee kwanza. "Mama yako anachota maji ya watu wengi," alikuwa akimwambia, "na akimaliza atakuja." Mtoto akawa anaenda mtoni na kopo lake, na anaporudi anauliza kama yale yametosha.

Basi Jumamosi ya sherehe ikafika. Kwaya ilikuwa imejipanga, mchungaji ameshika Biblia yake, mimi nina hotuba mfukoni. Bodaboda ikatoka upande wa soko la Kianjai ikasimama barabarani. Binti yangu akashuka akiwa amevaa suruali ya kawaida na sweta, begi moja mgongoni. Alikuwa amekonda. Mtoto alimwona kabla yetu sote, akachomoka chini ya hema akikimbia, mikono hewani.

Binti yangu alikuwa amefika getini. Akatazama chini. Damu ya mbuzi ilikuwa imetapakaa kutoka kwenye mti hadi katikati ya njia, na mvua ndogo ya asubuhi ilikuwa imeichanganya na vumbi. Alisimama pale pale. Mtoto alipomkaribia, alirudi nyuma hatua moja, akaficha mikono yake mgongoni, akarudi nyuma hatua nyingine. Mtoto naye akasimama. Walibaki wakitazamana na ile damu katikati yao, na kwaya ikiendelea kuimba kwa sababu walioko nyuma hawakuona kitu.

"Samahani, Baba," alisema. "Siwezi. Si leo."

Nami, mzazi mwenye busara, nilipiga kelele. "Ni damu ya mbuzi tu! Wewe ni mwanajeshi, unaogopa mbuzi?"

Binti yangu aligeuka. Alimwita yule wa bodaboda, ambaye hakuwa hata amegeuza pikipiki, akapanda akaenda zake. Mtoto hakulia. Alikaa chini kwenye nyasi akaanza kung'oa majani moja moja, na hilo lilinikata moyo kuliko kilio.

Wageni walikula. Nisiwasingizie, walikula kwa huzuni, lakini walikula. Binamu zangu wa Embu walifungasha. Mchungaji aliniombea kwa muda mrefu mkono wake ukiwa begani mwangu, nami nilikuwa nawaza tu vile nilivyoaibishwa mbele za watu. Nasema ukweli: siku ile nilijihurumia mimi.

Mama hakuwa amekaa hemani. Nilipomtafuta nilimkuta getini na jembe lake, mwanamke wa umri ule, anakwangua udongo wenye damu na kuutupa kwenye shimo la taka. Alileta udongo mwingine mkavu kutoka shambani, karai kwa karai, akamwaga, akakanyaga kwa miguu. Nilitaka kumnyang'anya jembe akakataa.

"Umemfanyia sherehe," alisema kwa Kimeru, maana nyumbani tunaongea Kimeru. "Hajapokewa."

"Mama, kuna watu mia moja hapa wamekuja kumpokea."

"Wamekuja kula. Mtu aliyetoka vitani haruki damu nyingine ndipo aingie kwao. Kwanza anasimamishwa getini. Anaulizwa. Anaoshwa na mtu anayejua alikotoka. Hata ndugu yangu alifanyiwa hivyo."

Ndugu yake, yaani mjomba wangu, nilimfahamu sana. Alikuwa mpiganaji wa msituni wakati wa Imajansi, ile Hali ya Hatari ya mkoloni. Picha yake imetundikwa sebuleni kwangu. Alipofariki ni mimi niliyesoma historia yake mazishini, na nilisoma vizuri, mpaka wazee wakapiga makofi. Nilijua majina ya mapango aliyolala. Nilijua mguu upi ulipigwa risasi.

"Na ni nani anayejua kumpokea mwanamke?" nilimuuliza Mama, bado nikiwa na kiburi. "Wazee wa ukoo hawana utaratibu wa askari wa kike."

Mama aliegemea jembe. "Mimi najua alikotoka," alisema.

Jumapili baada ya kanisa ndipo aliponieleza. Nina miaka hamsini na minane, na nilikuwa sijawahi kusikia hata neno moja la habari ile. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, sinia la wimbi mapajani, anatoa mawe. Hakuniangalia. Alizungumza na wimbi.

Alizaliwa juu kule, ukingoni mwa msitu wa mlima, sio huku Kianjai alikoolewa. Wakati wa vita alikuwa na miaka kama kumi na mitano. Serikali iliamuru uchimbwe mtaro kando ya msitu wote, mpana, wenye kina cha kuzidi mtu mzima, chini yake mianzi iliyochongwa ncha. Kusudi ni walioko msituni wasishuke kutafuta chakula, na walioko chini wasiwapandishie. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, au msituni, au ndio waliobeba bunduki kuwalinda wachimbaji. Waliochimba walikuwa wanawake na wasichana. Kila siku, kuanzia alfajiri, jembe na karai.

"Kwa hiyo ninyi mlichimba ule mtaro wa kuwaua njaa ndugu zenu," nilisema.

"Tulichimba," alisema. "Na chakula tulikizika humo humo."

Nilivuta kibao cha jikoni nikaketi kusikiliza. Ni jambo nisilolizoea.

Waliwekwa wachimbe kutoka upande wa chini na kumwaga udongo upande wa msitu. Basi unga wa wimbi uliokaangwa ulitiwa kwenye vifuko vya ngozi ya mbuzi, kila msichana akafunga chake tumboni chini ya nguo. Walipofika kazini, kifuko kilidondoshwa ndani ya karai, udongo ukawekwa juu, karai likamwagwa upande wa pili mbele ya macho ya walinzi. Juu ya udongo huo msichana aliacha jiwe lenye nyasi chini yake. Walinzi waliona wanawake wakibeba udongo. Kitu gani kinachochosha macho kama mwanamke anayebeba udongo? Na walioko msituni walitambaa baadaye, wakatafuta yale mawe. Ndivyo mjomba wangu alivyokula. Katika historia yake niliyoisoma kwa sauti yangu nzuri, nilisema aliishi kwa asali na mizizi.

Mama alikuwa akichimba karibu na rafiki yake, msichana wa rika lake. Walikuwa wametobolewa masikio siku moja. Asubuhi moja fundo la kifuko lilifunguka. Unga ukamwagika kwenye ukingo wa mtaro, kati yao wawili, mwekundu juu ya udongo mweusi. Mlinzi akaja akauliza ni wa nani.

"Ulikuwa wangu," Mama aliniambia. "Fundo nilifunga vibaya. Nilikuwa nafungua mdomo. Yeye akasema, 'Ni wangu.' Hakunitazama. Wakamchukua."

"Alirudi lini?"

Mama alitoa jiwe dogo kwenye wimbi akaliweka kando. "Hakurudi."

Nilimuuliza alifanya nini baada ya hapo. Alinishangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. Alisema siku tatu baadaye alibeba vifuko viwili, chake na cha yule msichana. Alibeba viwili mpaka mtaro ulipokwisha, na ulipokwisha wakatafuta njia nyingine. Alisema angeacha, yule rafiki angekuwa amekufa kwa kifuko kimoja cha unga, na hilo hakuweza kulikubali.

Nina kichwa kikubwa na nimesoma kidogo, nami nilikaa kwenye kile kibao cha jikoni nikimtazama mama yangu kana kwamba nimeonyeshwa mlima ambao nilikuwa nikichungia mbuzi miguuni pake maisha yangu yote bila kuinua macho. Kwenye paji la uso ana bonde, alama ya kamba ya mzigo. Nilidhani ni ya kuni tu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiweka kidole changu pale kwa mchezo. Wakati anasimulia nilijikuta nataka kukiweka tena, nikaona haya.

"Vita vilipoisha, ndugu yangu akatoka msituni," aliendelea. "Wazee walimsimamisha getini. Walimuuliza, wakamtemea asali na uji kifuani, akaingia. Maji ya uji ule niliyachota mimi."

"Na wewe? Siku uliyotoka mtaroni bila rafiki yako?"

Hapo alicheka. Kicheko kifupi, hakina uchungu, na ndicho kilichoniliza baadaye nikiwa peke yangu ghalani. "Mimi nilifika nyumbani, mama yangu akaniuliza kuni ziko wapi. Kila siku nilirudi na mzigo wa kuni. Siku hiyo nilikuwa nimesahau. Basi nikarudi kuokota kuni."

Kisha aliniagiza nimletee binti yangu Jumatano asubuhi. Asile kitu kabla. Na mimi nisilete hema.

Uji wa namna hiyo hauna haraka. Wimbi lilisagwa kwenye jiwe, si kwenye mashine ya sokoni, kwa mikono ile ile. Nilijitolea kusaga, nikapata malengelenge kabla ya kikombe cha kwanza kujaa, akanifukuza. Unga ulikorogwa na maji ukaachwa kwenye kibuyu uchachuke siku mbili ndipo upikwe. Mtoto aliruhusiwa kukitikisa kibuyu asubuhi na jioni. "Ni uji wa mama," alinieleza kwa ukali, akinizuia kukaribia. Tabia hiyo ya ukali ni yetu, sikuwa na la kusema.

Mchungaji aliposikia alinipigia simu, akauliza kwa upole kama haya si mambo ya kienyeji. Nilimpa Mama simu. Mama ni mshirika wa kanisa lile tangu lilipokuwa la nyasi. Alimsikiliza, akamwambia, "Mungu anaujua uji," akanirudishia.

Binti yangu nilimkuta kwangu Makutano, kwenye chumba cha nyuma ya duka. Funguo alikuwa nazo tangu utotoni. Nilipofika, magunia yangu ya chakula cha kuku, ambayo miaka yote yanalala ovyo kama walevi, yalikuwa yamepangwa kwa mistari iliyonyooka. Alikuwa akiosha mikono kwenye beseni. Niliona ngozi ya vidole imechubuka, nikaelewa alikuwa akiosha kwa siku nyingi.

Niliomba msamaha. Nimeuza duka zima la maneno maishani mwangu, lakini lile neno moja lilinikwama kama mwiba wa samaki. "Nilikosea," nilisema. "Kwa mbuzi, na kwa kukupigia kelele."

"Hukujua, Baba."

"Niliambiwa. Sikusikiliza."

Alikaa juu ya gunia. Nje matingo walikuwa wakiita abiria, na malori yanapiga honi. Kila honi ilimfanya anyanyue kichwa. Baadaye akaniambia bila kulia, kwa Kiswahili chake kile cha kambini, "Kulikuwa na mwenzangu, alikuwa mbele yangu kwa msafara. Mrembo sana, mtu wa kucheka cheka. Bomu ilikuwa chini ya barabara. Mimi ndio nilifika wa kwanza. Nilimtoa na hii mikono yangu, Baba. Nimeongea na daktari wa mambo ya akili huko, amenisaidia sana, siwezi danganya. Nalala sasa. Nakula. Lakini mtoto... vile alikuja akikimbia, na hiyo damu hapo chini... niliona nikimshika nitampaka."

"Utampaka nini?"

"Sijui. Hiyo kitu."

Alikuwa na siku tisa za likizo zilizobaki. Kisha angerudi kambini, na mtoto angebaki akijua kwamba mama yake alikuja hadi getini akakataa kumshika. Hilo ndilo lililonitisha. Nilimwambia nyanya yake anamwita Jumatano. Halafu, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumpa, nikamsimulia habari ya mtaro, yote, kama nilivyosimuliwa. Alisikiliza akiwa ameacha kuosha mikono.

"Cucu?" alisema, kama anavyomwita nyanya yake. "Cucu wetu huyu?"

"Huyo huyo wa kikombe cha simu."

Jumatano nilimpeleka kwa pikapu ya duka. Kulikuwa na ukungu mwepesi, na wachumaji wa miraa walikuwa tayari wako juu ya miti yao wakiongea. Mama alikuwa amesimama ndani ya geti akiwa amevaa nguo yake ya kanisani, kibuyu mkononi. Mtoto alikuwa nyuma yake ameshika sketi. Mama aliniambia nibaki kando, nizuie ng'ombe wasitoke. Nilifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa. Ng'ombe walikuwa wamefungwa.

Binti yangu alifika pale pale aliposimama Jumamosi. Udongo ulikuwa mkavu na safi. Hata hivyo mikono yake ilienda mgongoni.

"Unatoka wapi?" Mama aliuliza. Sauti yake sikuitambua. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye cheo.

"Natoka vitani, Cucu."

"Ulikuwa na kazi gani?"

"Nilikuwa nawapelekea watu maji."

"Umemwacha nani huko?"

Binti yangu alimtazama nyanya yake. Alilitaja jina la mwenzake yule, lote, na la baba yake. Mama alilirudia polepole akalitamka vizuri, akalirudia tena, kana kwamba anamwandikisha mtu aliyefika nyumbani pamoja na mwenzake.

"Nipe mikono."

Mikono ilikawia. Ikaja. Mama alichukua funda la uji, akautema juu ya vile vidole vilivyochubuka, mara mbili, kisha kifuani juu ya sweta. Akavisugua vidole kwa viganja vyake kimoja baada ya kingine, kama alivyokuwa akimwosha akiwa mtoto. "Kazi ya mikono hii ilikuwa kumtoa mwenzio," alisema. "Iliifanya. Imemaliza. Kunywa." Binti yangu akanywa kwenye kibuyu, uji ukamtiririka kidevuni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mama alimwacha alie mpaka akamaliza. "Ingia kwenu."

Nilikuwa nimeshika mlango wa zizi kwa mikono miwili. Nilidhani imekwisha. Lakini binti yangu aliingia hatua mbili tu, akageuka, akachukua kile kibuyu kutoka kwa nyanya yake.

"Cucu, toka nje."

"Nitoke niende wapi?"

"Toka nje ya geti. Simama hapo nilikuwa."

Mama alinitazama mimi. Nikajifanya nakagua ng'ombe. Akatoka, polepole, kwa sababu ya mguu. Akasimama barabarani akiwa amevaa nguo ya kanisani, mdogo, mikono imening'inia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona hana kitu cha kubeba. Binti yangu alijinyoosha. Visigino vilikutana. Nadhani hakujua kama alifanya hivyo.

"Unatoka wapi?"

Mama alitazama udongo aliokuwa ameukanyaga mwenyewe. Pikipiki ilipita nyuma yake ikapunguza mwendo. "Natoka mtaroni," alisema.

"Ulikuwa na kazi gani?"

"Nilikuwa nawapelekea watu chakula."

"Umemwacha nani huko?"

Midomo ya mama yangu ilitembea bila sauti. Zaidi ya miaka sabini alikuwa hajalitamka lile jina, hata Jumapili aliponisimulia hakulitaja. Alipolitaja lilitoka kwa sauti ya msichana, jembamba. Kisha akasema, "Unga ulikuwa wangu."

"Najua," binti yangu alisema. "Nipe mikono."

Alimfanyia yote. Hakuruka kitu. Alimtemea uji mikononi na kifuani, juu ya ile nguo ya kanisani, na funda la mwisho alilipaka kwa kidole gumba kwenye lile bonde la paji la uso. Hilo halikuwa kwenye utaratibu, alilibuni. Mama alikunywa uji uliobaki kibuyuni mpaka mwisho, akainua kichwa na macho yake yamejaa, akauliza kama mtoto, "Niingie?"

"Ingia kwenu, Cucu."

Aliingia. Alipofika katikati ya uwanja alisimama, akawa anageuka huku na huku, kama hajui aende jikoni au wapi. Wakati huo mtoto alikuwa amechoka kungoja. Alimwendea mama yake akamnyooshea mikono bila kusema neno, na binti yangu akainama akamwinua. Akamshika kwa mikono yote miwili, uji na machozi na yote, akazika uso wake shingoni mwa mtoto. Mtoto akasema, "Unanuka uji." Tukacheka sote, mimi kwa sauti kubwa kuliko wote, maana nilikuwa nahitaji kutoa sauti fulani.

Ile hotuba ya kurasa tatu nimeichana. Picha ya mjomba bado iko sebuleni, na pembeni yake nimetundika ya Mama, aliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho, nikaikuza. Anasema inamfanya aonekane mwizi. Binti yangu alirudi kambini likizo yake ilipoisha, na simu inarudi kwenye kikombe kila asubuhi.

Lakini nilitaka kumalizia asubuhi ile. Mama alikuwa bado amesimama katikati ya uwanja, hana kitu mikononi. Kisha nikaona macho yake yakitafuta, yakaenda kwenye jiko, yakaenda kando ya ukuta mahali panapowekwa kuni, na pale hapakuwa na hata kijiti kimoja. Pilau yangu ya Jumamosi ilikuwa imezimaliza karibu zote, na uji ule ukamaliza zilizobaki. Alianza kuinama achukue kamba yake.

"Kaa chini, Mama," nilimwambia.

Nikaichukua ile kamba, nikatoka getini, nikaenda kuokota kuni.